Jinsi ya kumsoma Mfalme Geiseric na ugomvi wake na Warumi bila kupotea njiani

Watu wengi ukiwatajia Wavandali, lile kabila la Kijerumani lililoisumbua dola ya Warumi, wanakumbuka kitu kimoja tu, ile Juni ya mwaka 455 walivyoingia Roma wakapora, basi, stori imeishia hapo. Sasa ukienda kumsoma Geiseric, mfalme wao, na hiyo picha peke yake kichwani utachoka mapema sana, sababu jamaa alitawala toka 428 mpaka 477, miaka 49 mfululizo, na zile siku za kupora Roma zilikua 14. Hiyo miaka mingine yote alikua anafanya nini, na kwa nini dola kubwa vile lenye majeshi pande mbili, magharibi na mashariki, kila upande na kaisari wake, lilishindwa kumtoa, hapo ndo penye utamu na ndo penye kuchanganya pia, maana majina yanafanana, makaisari wa magharibi wanabadilika kama mashati, na karibu kila aliyeandika habari zake alikua anamchukia.

Njia ninayokupa ni rahisi ila inageuza mpangilio wa kawaida: soma mikataba kwanza, vita baadae. Geiseric alikua mtu wa kupiga, kukaa mezani, kusaini, kutulia, alafu anapiga tena siku ambayo mwenzake kashikika kwingine. Ukizifuata vita peke yake utaona fujo tu, leo kashinda Sisilia kesho kapigwa Corsica, huelewi anaelekea wapi. Ukizipanga tarehe za mapatano, 435, 442, na lile la mwisho enzi za Zeno, kaisari wa mashariki, ghafla unaona mtu mwenye mpango.

Chukua karatasi kubwa, ilaze, chora safu tatu. Ya kwanza andika Ravenna ya Italia, pale palipokua na ikulu ya kaisari wa magharibi (siyo Roma peke yake, hili watu wanalisahau), ya pili Konstantinopoli kwa kaisari wa mashariki, ya tatu Karthago. Miaka iteremke pembeni. Hiyo karatasi ndo itakuokoa, usiidharau.

Kabla hujaandika tarehe hata moja fungua ramani ya Mediterania. Tafuta mlango wa bahari wa Gibraltar, alafu fuata pwani ya Afrika kwenda mashariki mpaka Annaba ya Algeria, hapo zamani ndo paliitwa Hippo Regius, mji wa Askofu Augustino. Huyu ni Augustino yuleyule ambaye chuo kikuu cha SAUT pale Mwanza kimebeba jina lake, kwahiyo siyo mtu mgeni kwetu. Endelea mashariki utafika Tunis, Karthago iko pembeni yake kabisa. Sasa toka rasi ya Cape Bon pima mpaka Sisilia, ni kama kilomita 145 tu. Pima mara mbili kama huamini. Mtu akikaa Karthago na merikebu mkononi, Sisilia yote iko mlangoni kwake, na Sardinia nayo siyo mbali.

Kitu kingine cha kuandika juu ya ramani ni ngano. Mji wa Roma ulikua unakula nafaka ya Afrika Kaskazini, hasa maeneo ambayo leo ni Tunisia, pamoja na mafuta ya zeituni. Ngano ya Misri toka Konstantinopoli izinduliwe mwaka 330 ilikua inaelekezwa kule mashariki. Maana yake anayeishika Karthago kaishika chakula cha Roma na kodi ya majimbo yaliyokua tajiri kuliko mengi ya magharibi, na kodi ndo mishahara ya jeshi. Mi naona hili ndo jibu la nusu ya maswali yote utakayojiuliza mbele, ukilishika hili hata usiposoma kingine uko mbele ya wengi.

Majina sasa, maana hapa ndo watu wanaachia kitabu. Wenye jina la Leo wako wawili: Papa Leo wa Roma na Kaisari Leo wa Konstantinopoli, wameishi wakati mmoja na wote wamehusika na Geiseric, kwahiyo kila ukiona Leo jiulize kanisani au ikulu. Placidia wawili: Galla Placidia, mama yake Kaisari Valentinian wa Tatu, alafu Placidia mjukuu wake. Eudoxia na Eudocia: Eudoxia ni mke wa Valentinian, Eudocia ni binti yao. Na ukikutana na Gaiseric, Genseric, Geiseric ni mtu yuleyule, usije ukafungua safu ya nne bure. Andika hizi pembeni ya karatasi kwa rangi nyingine.

Usianze na 429, mwaka Wavandali walipovuka kuingia Afrika. Rudi nyuma kidogo mpaka mwisho wa 406 pale makabila matatu, Wavandali, Waalani na Wasuebi, walipovuka mto Rhine kuingia Gallia (Ufaransa ya leo), mwaka 409 wakaingia Hispania. Usikae sana huku ila usiruke kitu kimoja, kwamba Warumi waliwatumia Wavisigothi, kabila lingine la Kijerumani, kuwapiga, na kati ya 416 na 418 kundi moja la Wavandali, Wasilingi, lilisagwa kabisa, Waalani nao wakapigwa vibaya, waliobaki wakakimbilia kwa Gunderic mfalme wa Wavandali wa Hasdingi. Ndo maana wafalme wa baadae wanaitwa wafalme wa Wavandali na Waalani. Geiseric alikulia humo ndani, akiwa mtoto wa nje ya ndoa wa Mfalme Godigisel, kaka yake wa baba mmoja ndo huyo Gunderic, na aliona kwa macho yake nini kinakupata ukikaa nchi kavu sehemu ambayo Roma inaweza kukutumia majirani. Gunderic alikufa 428, Geiseric akachukua kiti, na mwaka uliofuata, 429, akabeba watu wote akavuka bahari kuingia Afrika.

Kwa sura yake kuna maelezo ya mwanahistoria Jordanes, aliyeandika karibu miaka 75 baada ya Geiseric kufa: urefu wa kati, anachechemea sababu alianguka farasi, mtu wa mawazo marefu na maneno machache, anasa hapendi, hasira kali, tamaa ya mali, na fundi wa kupanda mbegu za ugomvi kati ya watu. Hiyo sifa ya mwisho ipigie mstari, inarudi kila ukurasa.

Idadi ya waliovuka utaona 80,000. Hapa jifunze tabia moja, ukiona namba kubwa angalia imesemwa na nani na inahesabu nini. Victor wa Vita, askofu wa Afrika, anasema Geiseric aliamuru wote wahesabiwe, wazee, vijana, watoto, watumwa na mabwana, ikafika 80,000, na anasema kabisa kwamba watu wasiojua wanadhani hao ni askari. Procopius, mwanahistoria wa dola la mashariki aliyeandika karne moja baadae, anasema Geiseric aliweka viongozi 80 kila mmoja na cheo cha mkuu wa watu elfu ili adui wadhani ana watu 80,000 wakati kweli hawakuzidi 50,000. Kwahiyo ukikutana na mtu anakwambia jeshi la 80,000 lilivuka Gibraltar jua kasoma nusu. Watu ni wanawake na watoto na vikongwe, wapiganaji ni sehemu tu.

Sasa fika kwenye mkataba wa kwanza. Juni 430 Wavandali waliizingira Hippo, Augustino akafa humo ndani tarehe 28 Agosti, mwezi wa tatu wa kuzingirwa. Tunaye shahidi kabisa, Possidius, askofu mwenzake, alikua amekimbilia humohumo mjini na ndo aliandika maisha ya Augustino, anasema walizingirwa miezi 14. Jemadari wa Kirumi wa Afrika alikua Boniface, mashariki wakamtuma jemadari Aspar na jeshi kusaidia, wakapigwa. Boniface akarudi Italia 432 akapigana na Aetius, jemadari mwenzake, akafa kwa majeraha. Hebu ona hapo, majemadari wawili wa upande mmoja wanauana wakati adui kakaa Afrika anakula ngano. Tarehe 11 Februari 435 ikasainiwa amani pale Hippo, Wavandali wakaruhusiwa kukaa sehemu ya Numidia (mashariki ya Algeria ya leo) na maeneo ya jirani. Karthago haimo.

Yaani ni kama mpangaji aliyeingia kwa nguvu akapewa chumba cha uani ili asiguse nyumba kubwa, na mwenye nyumba akajisemea afadhali. Miaka minne na ushee akatulia. Tarehe 19 Oktoba 439, wakati wa amani, Warumi wakiamini mambo yameisha, Geiseric akaingia Karthago bila hata kuizingira. Tarehe hii iandike kwa herufi kubwa kuliko 455, siyo utani. Wavandali wenyewe walianza kuhesabu miaka yao toka siku hiyo ya Karthago, wala hawakuhesabu toka walipovuka bahari. Wao walijua siku yao kubwa ni ipi.

Toka hapo stori inabadilika kwasababu sasa ana bandari, mafundi wa merikebu, na mabaharia waliozoea maji. Mwaka uliofuata, 440, yuko Sisilia anaizingira Palermo, na Valentinian akatoa sheria Juni ya mwaka huo kuruhusu raia wa kawaida washike silaha walinde pwani zao, jambo ambalo serikali ya Kirumi haikulipenda hata kidogo. Ukitaka kupima hofu ya serikali soma sheria zake za mwaka ule, zinasema ukweli kuliko hotuba.

Na hapa jaza ile safu ya pili. Mwaka 441 Konstantinopoli wakatuma kundi kubwa la merikebu mpaka Sisilia, mwandishi mmoja wa baadae anaziweka 1,100. Zikakaa pale zikisubiri. Zikiwa zinasubiri Wahunni wa Attila wakavamia Balkani, Kaisari Theodosius wa Pili akaita jeshi lake nyumbani, likaondoka bila kupigana na Geiseric. Mwaka 442 magharibi wakabaki peke yao mezani na wakasaini mkataba wa pili, na huu ndo mkubwa: Geiseric akapewa Karthago na majimbo tajiri ya mashariki ya Afrika, Roma wakabaki na Mauretania (magharibi ya Algeria na Morocco ya leo, siyo nchi ya Mauritania) na kipande cha Numidia, maeneo yaliyochoka. Juu yake mwanae Huneric akachumbiwa Eudocia, binti wa kaisari, bado mtoto mdogo. Linganisha na 435, ule wa kwanza ulikua wa kumvumilia, huu unamkubali kama mwenye nchi na unamfanya mkwe mtarajiwa.

Upande mbaya wa hiyo posa usiuruke. Huneric alikua tayari na mke, binti wa mfalme wa Wavisigothi, Theodoric wa Kwanza. Geiseric akamtuhumu yule mke kwamba alipanga kumuwekea sumu, akamkata pua na masikio akamrudisha kwa baba yake Gallia. Kwa akili ya leo ni unyama, kwa akili ya ile siasa ilikua ni kufuta ndoa moja ili ipatikane nafasi ya nyingine kubwa zaidi, na akanunua uadui wa Wavisigothi kwa miaka. Mwaka huohuo 442 wakubwa kadhaa wa Kivandali wakamfanyia njama, akaigundua, akawaua wengi. Kwahiyo ukiandika kwamba aliungwa mkono na watu wake wote, futa.

Kabla hujafika 455 simama ufanye zoezi moja ambalo mi naliona ndo bora kuliko yote. Chukua kalamu nyekundu uzungushie kila sehemu ambapo waandishi wanasema Warumi walishindwa kwasababu ya msaliti. Utapata hivi. Wavandali wameingia Afrika 429? Procopius anasema Boniface aliwaalika, kachukizwa na fitina za Aetius kwa Galla Placidia. Wameingia Roma 455? Eudoxia mjane wa kaisari aliwaita kwa siri. Merikebu za Kaisari Majorian zimepotea 460? Wasaliti walitoa taarifa. Kundi kubwa la merikebu la 468 limeungua? Jemadari Basiliscus alihongwa. Mara nne! Ukiziona moja moja kila stori inaingia akilini, ukizipanga pamoja unaanza kucheka, maana wanachosema ni kwamba hatukushindwa, tuliuzwa. Sisemi zote ni uongo, ile ya 460 Hydatius aliyekua askofu kule Hispania na aliishi wakati huohuo ndo anaisema, na zile fitina za Boniface na serikali zilikua za kweli, walifika hadi kutumiana majeshi. Ila ya kualikwa, waliosimulia wameandika mbali na tukio, wakati Possidius aliyekua ndani ya Hippo na Wavandali wako nje ya ukuta hamtaji Boniface kama aliyewaita. Mtu aliyekua pale asiposema, na aliyekuja miaka 100 baadae akasema kwa kirefu, we mwamini yupi?

Na kumbuka hakuna Mvandali aliyeandika historia ya Geiseric. Tunamwona kwa macho ya maaskofu Wakatoliki aliowafukuza na Warumi aliowapora. Yeye alikua Mwario, yaani Mkristo wa upande ambao Wakatoliki waliuita uzushi, alichukua makanisa ya Karthago, na Askofu Quodvultdeus pamoja na mapadri wengi wakapakiwa kwenye merikebu mbovu wakasukumwa baharini, wakafika Napoli wazima. Lakini hata dini usiisome peke yake, ilaze juu ya ile karatasi yako uone. Karthago ikakaa bila askofu Mkatoliki mpaka 454, Valentinian alipoomba, Geiseric akaruhusu awekwe Deogratias. Deogratias akafa 457, hakuruhusu mwingine. Kanisa likafunguliwa tena Zeno alipomtuma balozi wake kuomba amani. Uhusiano ukiwa mzuri mlango unafunguliwa, ukiharibika unafungwa, hilo Victor mwenyewe halisemi hivyo ila tarehe zake zinasema.

Haya, 455. Tarehe 16 Machi Valentinian akauawa, kesho yake Petronius Maximus akawa kaisari, akamuoa Eudoxia mjane kwa lazima, na Eudocia akaozwa kwa mtoto wa Maximus. Simama hapo. Eudocia si alichumbiwa na Huneric? Kwa Geiseric mkataba wa 442 aliufunga na Valentinian, kafa, na mtu mpya kamchukua na mchumba. Kwahiyo sababu ya kwenda anayo bila hata barua ya siri ya Eudoxia. Merikebu zikafika mdomoni mwa mto Tiber mwisho wa Mei, Maximus akajaribu kukimbia watu wakamuua kwa mawe tarehe 31 Mei, na Juni 2 Geiseric akaingia.

Papa Leo akatoka kuongea nae. Prosper, aliyeandika wakati uleule, anasema aliomba wasichome moto, wasiue, wasitese, na kwa siku 14 mji ukakombwa taratibu. Hilo neno taratibu ni langu lakini ndo picha yenyewe, walikua wanabeba kama watu wanaohama nyumba. Vitu vya ikulu, nusu ya paa la hekalu la mungu Jupiter pale kilima cha Capitolium ambalo lilikua la shaba iliyopakwa dhahabu, na vyombo vya Hekalu la Yerusalemu ambavyo Titus, jemadari wa Kirumi, alivileta Roma baada ya kuuteketeza mji ule mwaka 70. Procopius anasema merikebu iliyobeba sanamu ndo peke yake iliyozama. Wakachukuliwa Eudoxia na mabinti zake wawili, na maelfu ya mateka. Huneric akamuoa Eudocia, baadae akazaliwa Hilderic, mjukuu wa Geiseric na wa Valentinian kwa pamoja.

Ukiandika hapa usiishie kwenye dhahabu. Mateka walipofika Afrika Wavandali na Wamauri, wenyeji wa Afrika Kaskazini, wakawagawana, mume huku mke kule, na Deogratias akauza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa kuwakomboa, akageuza makanisa mawili kuwa wodi, Victor anasema yule mzee alikua anapita kwa wagonjwa usiku na mchana na waganga nyuma yake. Hiyo ndo 455 kwa mtu wa kawaida, na mi huwa nashangaa wanaosimulia paa la Jupiter kwa kirefu wakalisahau hili.

Baada ya hapo kuna msululu wa vita vidogo, Ricimer, jemadari wa magharibi, akawapiga Wavandali Sisilia na Corsica mwaka 456, kila masika Geiseric anatoka kupora pwani za Italia. Kuna stori ya nahodha alimuuliza tuelekee wapi akajibu, kwa wale Mungu aliowakasirikia. Pita haraka hapa, chukua mbili tu za kuandika.

Ya kwanza ni Majorian, kaisari wa magharibi ambaye mi namuona ndo wa mwisho aliyekua na kichwa. Alikusanya merikebu kama 300 Hispania mwaka 460, apite njia ileile aliyopita Geiseric. Geiseric kwanza akatuma kuomba amani, akakataliwa, basi akaiharibu Mauretania na kutia sumu visima ili jeshi likipita likose maji, alafu merikebu zikakamatwa zikiwa bado pwani. Majorian akasaini amani akarudi Italia na 461 Ricimer, jemadari wake mwenyewe, akamuua. Safu ya kwanza ya karatasi yako toka hapa imejaa majina tu, nguvu haipo tena.

Ya pili ndo kubwa kuliko zote, 468. Safari hii Ravenna na Konstantinopoli wamepatana, Kaisari Leo kamuweka mtu wake Anthemius awe kaisari wa magharibi, na wanakuja pande tatu: Marcellinus anachukua Sardinia, Heraclius anatokea Misri kupitia Tripoli, na Basiliscus, shemeji wa kaisari, anabeba kundi kubwa moja kwa moja Karthago. Gharama Procopius anaweka ratili 130,000 za dhahabu. Ratili ya Kirumi ilikua kama gramu 327, piga hesabu utapata tani 42 na zaidi. Wengine wanasema dhahabu ratili 64,000 au 65,000 na fedha ratili 700,000 juu yake. Askari Procopius anasema 100,000, merikebu zaidi ya 1,100 kwa waandishi wengine. Hata ukikata nusu bado ni hatari.

Basiliscus akatia nanga karibu na Cape Bon, stadia 280 toka Karthago, kama kilomita 50. Procopius anasema angeenda moja kwa moja siku hiyo mji ungeanguka. Geiseric akatuma ujumbe, nipeni siku 5 nifikirie nimpe kaisari anachotaka. Akapewa! Siku 5, na jeshi lote limekaa melini kwenye pwani ya adui. Jamaa alikua hafikirii chochote, alikua anasubiri upepo. Ulipogeuka akatoa merikebu zake zikivuta mashua tupu, wakaziwasha moto wakaziachia, matanga yamejaa upepo, zikaingia katikati ya merikebu za Warumi zilizobanana. Yupo afisa mmoja, John, alipigana juu ya sitaha mpaka mwisho, Genzon mtoto wa Geiseric akamwita akimuahidi usalama, akajitupa baharini na silaha zake zote akisema hataangukia mikononi mwa mbwa. Basiliscus akafika Konstantinopoli akakimbilia kujificha kanisa la Hagia Sophia, dada yake Verina, mke wa kaisari, ndo akamuombea. Marcellinus akauawa Sisilia na watu wa upande wake.

Kuhusu rushwa, angalia tu: wanaosema kahongwa hawahitaji rushwa kuelezea kilichotokea. Upepo, merikebu zilizobanana, na jemadari aliyewekwa kwasababu ya udugu vinatosha. Lakini chora mstari kati ya hizo siku 5 na zile nyakati nyingine Geiseric alikaa mezani au aliomba amani, 435, 460, utaona kuomba amani kwake ilikua ni silaha kama nyingine, anakuambia tukae tuongee pale hasa ambapo muda uko upande wake.

Mkataba wa mwisho ni na Zeno, aliyeanza kutawala mashariki 474. Zeno akamtuma Severus, na wakati balozi yuko njiani Geiseric akaiteka Nicopolis ya Ugiriki, kwa hiyo alipofika tayari bei imepanda. Geiseric akampa zawadi na pesa, Severus akakataa, akasema mtu wa cheo changu zawadi nzuri ni kupewa wafungwa. Geiseric akampa bure wale waliokua wake na wa wanae, wengine akamruhusu awanunue kwa wenyewe wakikubali kuuza. Wakaapa kutopigana tena, na ikasimama mpaka enzi za Justinian, kaisari wa mashariki aliyemtuma jemadari Belisarius kuwapiga Wavandali mwaka 533.

Mstari wa mwisho wa safu ya kwanza ni 476, jemadari Odoacer anamtoa kaisari wa mwisho wa Italia, na Geiseric anamuachia sehemu kubwa ya Sisilia kwa kodi ya kila mwaka, akibakisha kipande. Tarehe 25 Januari 477 akafa, mzee, kitandani kwake, akiwa ameacha utaratibu kwamba kiti kiende kwa mwanaume mwenye umri mkubwa kuliko wote katika uzao wake. Huneric akachukua. Huyu mfungulie karatasi nyingine kabisa usimbane hapohapo chini, Victor wa Vita alimalizana na Geiseric kwenye kitabu cha kwanza tu, vitabu viwili vilivyobaki vyote ni kilio juu ya Huneric aliyetawala miaka 7.